Onyesho la Mwanzo wa Ulimwengu, Kisumu: Linastahili Kiingilio Chake

Shilingi 300 ni kiingilio cha haki kabisa kwa onyesho hili la sayansi ya anga, linalofanyika jioni katika ukumbi mmoja karibu na ufuo wa Dunga. Ninalisifu hasa kwa sababu mtoa maelezo hataki kuaminiwa tu; kila hoja anaijenga juu ya fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne ameshaisoma.

Sehemu ya mata ya giza, yaani mata isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ndiyo iliyonishika zaidi. Alizungusha kijiwe kilichofungwa kwa uzi, akazidisha kasi mpaka uzi ukakatika na kijiwe kikagonga mlango, kisha akatuonyesha vipimo vya galaksi ya Andromeda vilivyochapishwa na wanaanga Vera Rubin na Kent Ford mwaka 1970. Kwa hesabu za Newton, mawingu ya gesi yaliyo pembeni kabisa yangepaswa kwenda polepole, jinsi Neptuni inavyolizunguka jua polepole kuliko Dunia, ila kasi yake haipungui inavyotarajiwa, kana kwamba kuna uzito mwingi usioonekana unaoyashikilia.

Msichana aliyevaa sare ya shule akauliza kwa nini uzito huo usiwe vumbi na sayari zisizong'aa. Jibu alilopewa lilikuwa zuri mno. Katika dakika chache za kwanza za ulimwengu, protoni na nyutroni ziliungana, na takriban robo ya mata ya kawaida, ile inayounda vumbi, sayari na nyota, ikawa heliamu. Kiasi kidogo cha hidrojeni nzito kilichosalia kinatuwezesha kukadiria mata hiyo ilikuwa kiasi gani, nayo haitoshi hata kidogo. Mnururisho uliosambaa ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000 unatoa jibu lilo hilo kwa njia nyingine: mata ya kawaida ni karibu asilimia 5 ya vyote vilivyopo, ya giza ni kama 27.

Kasoro ilijitokeza mwishoni, alipodai kuwa mashimo meusi ya kale, yanayodhaniwa kuzaliwa mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, yamekwisha kulitatua fumbo hili. Wazo hilo linavutia kwa kuwa halihitaji chembe mpya, lakini uchunguzi wa jinsi mwanga wa nyota unavyopindwa umeshaondoa sehemu kubwa ya viwango vya uzito ambavyo mashimo hayo yangeweza kuwa navyo. Nyutrino, ambazo ni nyepesi na zenye kasi kupita kiasi kuweza kukusanya galaksi, hakuzitaja kabisa, ingawa ndizo chembe zinazojulikana ambazo mtu angezifikiria kwanza.

Watoto wa shule za msingi watachoka. Wa sekondari wapelekwe, na wakae mbele, kwani maandishi ya ukutani ni madogo.