Darasa la Kiingereza la jioni nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi: saba kwa kumi

Nianze kwa kusema mimi ni nani, ili ujue napima kwa mizani gani. Ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mwaka wa tisa huu. Kule juu tunaitwa wagumu. Kiingereza changu mpaka Machi mwaka huu kilikuwa cha kazini tu: "good morning", "hot water", "washy washy" (maji ya kunawa), basi. Mgeni akiongeza neno la nne nacheka, yeye anacheka, tunaachana salama. Lakini nataka kuwa mwongoza watalii, na mwongoza watalii hawezi kumaliza siku saba za njia ya Machame kwa kucheka.

Masika yakiingia, Aprili na Mei, mlima unapoa. Wageni wachache, wagumu wengi getini. Wenzangu wengine wanarudi shamba, wengine wanashika bodaboda. Mimi nikajiandikisha darasa hili la jioni. Jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu na sitaki ugomvi na watu ninaosalimiana nao kila siku. Liko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ada ni shilingi 45,000 kwa mwezi, mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu.

Darasani tulikuwa ishirini na wawili. Mchanganyiko wa kila aina: dada wa mapokezi hotelini, kijana wa bodaboda wa kituo cha Kiboriloni, mama mwenye mgahawa karibu na geti la Machame, binti anayesomea uuguzi aliyetokea Mwanza, na mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye alisema wazi amekuja ili aweze kuongea na wajukuu zake walioko Marekani, maana wakipiga simu wanamwambia "hi babu" halafu kimya.

Mwalimu tunamwita Madam. Sheria yake ya kwanza ni kopo. Kopo la Blue Band limetobolewa juu, liko mezani, na kila neno la Kiswahili linalokutoka ni shilingi mia mbili. Wiki ya kwanza nilidhani ni mzaha. Wiki ya pili nikaanza kutembea na sarafu.

Sasa, kilichonifanya niandike haya ni sura ya saba ya kitabu, inayohusu usafiri wa siku zijazo. Hizo ni wiki mbili, vipindi sita, na ndizo zilizonionyesha uzuri wa darasa hili na ubovu wake kwa pamoja.

Ubovu kwanza. Kitabu ni fotokopi, na kinauzwa 12,000 ambazo hukuambiwa siku ya kujiandikisha. Picha zimeiva weusi. Kuna picha ya treni ya sumaku ya Shanghai, ile inayoelea juu ya njia yake bila kugusa na iliyokuwa ikifika kilomita 431 kwa saa. Kwenye nakala yangu ni kama mjusi amelala juu ya masizi. Dada wa mapokezi aliulizwa aieleze hiyo picha kwa Kiingereza, akaitazama, akaigeuza, akasema "it is night". Madam akakubali jibu.

Tena kitabu chenyewe kimezeeka. Kinasema hivi karibuni watu watasafiri ndani ya bomba lililotolewa hewa, kwenye behewa linalopaa kama risasi, hiyo wanayoiita Hyperloop, aliyoichapisha Elon Musk kwenye andiko lake la mwaka 2013. Kijana wa bodaboda alikuwa na bando siku hiyo. Akachungulia simu chini ya meza, akanyoosha mkono: ile kampuni kubwa iliyokuwa ikilijaribu jambo hilo kule jangwani Nevada, Hyperloop One, ilifunga milango Desemba 2023. Mwaka 2020 walipandisha abiria wawili wa majaribio kwenye njia ya mita mia tano, mwendo wa kilomita 172 kwa saa. Mita mia tano! Mimi na furushi kichwani nazimaliza kabla mgeni hajafunga kamba za viatu.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Madam. Mwalimu mwingine angesema tufuate kitabu. Yeye alifuta "is going to" aliyokuwa ameiandika ubaoni, akaandika "was going to". Akasema hii ndiyo namna ya Kiingereza ya kusema jambo lililopangwa likaishia njiani. Kisha kila mtu atoe lake. Tukatoa. Nyumba zilizokuwa zijengwe, ndoa zilizokuwa zifungwe, mmoja alikuwa aende Canada. Nusu saa nzima, na sijawahi kuisahau hiyo "was going to" tangu siku ile.

Maana shida yetu Waswahili kwenye hili jambo la wakati ujao ni kwamba sisi tuna "ta" moja, na inatosha. Treni itakuja, mvua itanyesha, nitakulipa kesho. Zote "ta", na msikilizaji anajua mwenyewe ipi ya kuamini. Kiingereza kinakulazimisha uchague tangu mwanzo: "will" ukiwa na hakika, "going to" ukiwa na mpango au dalili, "might" ikiwa ni huenda. Madam alichora safu tatu ubaoni tukapanga vitu. Treni ya umeme ya SGR tukaiweka kwenye safu ya kwanza, akaikataa. Mbona ipo tayari? Dar hadi Dodoma watu wanaipanda tangu Julai 2024, mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Hiyo si ya kesho, ni "already". SGR ya kufika Moshi ndiyo tukabishania safu. Mzee wa reli akasema "might", tena kwa sauti ya mtu aliyewahi kuingoja treni.

Magari yanayojiendesha tuliyapitia haraka, na sikujali. Madam alituambia kule Phoenix, Marekani, teksi za Waymo zinabeba abiria bila dereva kwenye usukani. Kijana wa bodaboda akauliza kama gari hilo litaelewa konda akigonga bati mara mbili. Yule binti wa uuguzi akaleta la droni: mwaka 2018 droni ya majaribio ilikuwa inapeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kivuko alikipanda mwenyewe tangu utoto, anajua kinavyochelewa, kwa hiyo aliongea kwa uchungu na sarufi ikampotea, ila tulimwelewa wote.

Halafu Madam akaweka kitabu kando, akaandika ubaoni maneno mawili: "cable car". Gari la nyaya.

Kwa asiyejua, mwaka 2019 serikali ilisema inafikiria kuweka gari la nyaya Mlima Kilimanjaro, upande wa Machame, ili wasioweza kutembea, kama wazee, nao waufikie mlima. Wagumu na waongozaji walipinga sana. Mpaka leo tunapanda kwa miguu, lakini hilo neno likitajwa Moshi hii, watu huacha kula. Madam akatuonyesha kwenye simu yake mlima wa Table Mountain kule Cape Town, ambako gari la nyaya lipo tangu 1929, na jiji la La Paz, Bolivia, ambako tangu 2014 watu wanaenda kazini kwa nyaya kama sisi tunavyoenda kwa Hiace. Akagawa darasa. Waliokaa dirishani watetee, waliokaa ukutani wapinge.

Mimi nilikuwa dirishani.

Nikamwambia, Madam, mimi ni mgumu, siwezi kulitetea. Akaninyooshea kopo. Maneno matano ya Kiswahili, 1,000.

Upande wa ukutani alianza mama wa mgahawa. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema: "One tourist, three porters, four porters. Cable car, zero porters. Zero porters, zero tea." Akakaa. Hakuna kitenzi hata kimoja mle ndani, na mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi, si redioni, si kwenye mkutano. Madam hakusahihisha kitu.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza na mizigo, kwamba mlimani kila mmoja wetu anabeba kilo ishirini, "I carry many luggages". Madam akanisimamisha. "Luggage" haina wingi. Nimeibeba miaka tisa, mbele ya Mungu, sikujua. Nikarudia, nikakwama, nikatazama dirishani. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunguka na Kibo, kilele cha mlima, ilikuwa wazi. Nikamkumbuka bibi yangu wa Kibosho. Ana miaka themanini na kitu. Kila asubuhi ya maisha yake anafungua mlango anauona huo mlima, na hajawahi kufika hata geti la Umbwe lililo juu ya kwao. Nikasema, "My grandmother sees it every day. She might go." Darasa likatulia kidogo. Mimi mwenyewe nilishtuka, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo hata kwa Kiswahili.

Mzee wa reli hakuweza kuvumilia. Akasimama bila kuruhusiwa, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayejua bei: "Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, waliokuwa wakibeba pembe na nguo vichwani kutoka Pangani hawakuulizwa. Walienda wapi? Wengine walibeba mataruma ya reli hiyo hiyo." Dada wa mapokezi alikuwa anahesabu kwa vidole. Maneno ishirini na matatu, shilingi 4,600. Mzee akatoa noti ya elfu tano, akasema chenji ibaki humo, hajamaliza.

Baada ya hapo sarufi ilikufa. Watu walilipa, watu walikopa. Tulitoka saa mbili na robo, mwenye vipuri ameshafunga, na kipindi kilichofuata lile kopo lilitununulia chai na maandazi darasa zima.

Kwa hiyo, mazuri ya mahali hapa ni Madam. Akiwa yeye, hata somo la mabehewa ya Nevada linakufikia mpaka Kibosho. Tatizo ni kwamba si yeye kila siku. Ijumaa mara nyingi anakuja kijana mwingine, anasoma kitabu kuanzia juu hadi chini, sisi tunaitikia kama kwaya. Kipindi kimoja cha sura hiyo hiyo ya saba kilikuwa chake, na nilichokumbuka kesho yake ni kwamba alivaa tai. Mara mbili darasa lilifutwa bila taarifa, nimetoka Pasua kwa nauli yangu nikakuta mlango umefungwa. Nilipouliza kama siku hizo zitafidiwa niliambiwa "tutaangalia". Nimeshajua hiyo "ta" iko safu gani.

Jingine ni umeme. Ukikatika hakuna taa ya akiba, tunawasha simu. Na chini pale wanajaribu injini mpaka saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo zoezi la kusikiliza lisiwekwe mwanzoni. Tuliwaambia, bado wanaliweka mwanzoni.

Juni nilirudi mlimani. Tuko kambi ya Karanga, jioni, nimepeleka beseni la maji hemani. Mgeni mmoja, baba mtu mzima wa Uholanzi, magoti yake yanamuuma, akaniuliza kama ni kweli kuna gari la nyaya linakuja. Zamani ningesema "yes yes, washy washy". Nikaweka beseni chini, nikamweleza. Nilitumia "was going to", nikatumia "might", nikamweleza ya yule mama na chai yake. Maji yalipoa. Mwongozaji wetu alikuwa amesimama nyuma yangu na sikujua tangu lini.

Muhula mpya unaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Ukienda, uliza ratiba ya Madam kabla hujalipa, na uulize bei ya kitabu palepale. Kaa mistari ya mbele, viti vya nyuma havina meza. Na beba sarafu za mia mbili, kwa sababu Madam hana chenji.