Tawa la chapati: lipi la kununua, na namna ya kulikomaza

Ukiingia duka la vyombo ukaulizia tawa la chapati, la kwanza kuonyeshwa huwa lile jeusi, jepesi, lenye mpini wa plastiki na kibandiko kinachoahidi kwamba chakula hakigandi. Kwetu hilo ni la mwisho. Utando wa kuzuia chakula kuganda unaweza kuutengeneza mwenyewe jikoni kwa nusu kijiko cha mafuta (ndiko kulikomaza tawa), na ukiharibika ukautengeneza upya. Uzito wa chuma, unene wake na unyoofu wake huwezi kuuongeza nyumbani. Pesa iende huko.

Chapati inataka joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, lisiloporomoka donge lililosukumwa linapotua. Tawa jembamba hupoa pale pale. Mpishi anaongeza moto, chapati inakauka kabla ya kuiva, halafu ya nne au ya tano inaungua kwa sababu moto ule ulioongezwa haukupunguzwa. Chuma kinene huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakibabaiki.

La kwanza: chuma cha kusubu, tambarare, unene wa milimita 4 hadi 5

Hiki ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikatoka kipande kimoja. Kipenyo cha sentimita 28 au 30 kinatosha nyumba nyingi. Kama unapikia gesi ya mtungi mdogo wa kilo 6, wenye kichomeo juu ya mtungi wenyewe, shuka hadi 26, maana chuma hiki hakisambazi joto haraka: katikati kutawaka na pembeni kubaki vuguvugu.

Kabla ya kulipa, toa sumaku. Kuna matawa ya alumini yaliyopakwa rangi nyeusi yanayouzwa kwa jina la chuma, na sumaku haiyashiki kabisa. Mzani nao unasema kweli: sahani ya chuma cha kusubu ya sentimita 30 yenye unene wa milimita 4 ina takriban kilo 2 bila kuhesabu mpini, ilhali ya alumini ya vipimo hivyo hivyo haifiki gramu 800. Halafu ining'inize kwa kidole au kamba, uigonge ukingoni kwa ufunguo. Chuma kizima hulia na mlio ukabaki sekunde moja mbili. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani chini ya rangi au kutu. Chombo chenye ufa kiache, hata ukipewa nusu bei. Mwisho simamisha rula juu yake, pande mbili zinazokatana. Mwanga ukipita kidogo katikati si neno, lakini kama tawa linacheza likiwekwa juu ya meza iliyonyooka, mafuta yatakimbilia upande mmoja maisha yake yote.

Uso wenye chembe chembe kama msasa usikutishe. Hayo ni makovu ya mchanga wa kalibu, na hujazwa na utando wa mafuta kadiri unavyopika. Kinachokataliwa ni vishimo vya ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu unga hujificha humo ukaungua.

Udhaifu wa chuma hiki ni kwamba kina kaboni nyingi, karibu asilimia 3, hivyo ni kigumu lakini hakipindi: kikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka. Maji baridi juu ya tawa la moto hufanya vivyo hivyo. Kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa nguvu za sumaku, kinafanya kazi vizuri (alumini tupu haifanyi), ila anza na moto mdogo kwa dakika tano, usikiwashie nguvu zote kikiwa baridi.

Kilichotumika kikiuzwa kwa bei nafuu, kichukue. Kutu ya juu si kasoro, inatoka. Kagua ufa, kagua mashimo yaliyoliwa na kutu hadi ndani, na uliza kilikuwa kinafanya kazi gani. Chombo kilichowahi kuyeyushia risasi, ile metali nzito yenye sumu, iwe ya nyavu au ya betri, hakirudi jikoni. Hakuna namna ya kukisafisha ukawa na uhakika.

La pili: bamba la chuma la fundi, milimita 3

Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, au wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kukukatia sahani ya bamba jeusi na kukuchomelea mpini. Kwa sentimita 30 linakuwa na kilo 1.7 hivi, linapata moto haraka kuliko la kusubu, na likianguka linakwaruza sakafu badala ya kuvunjika. Kwa mama ntilie anayebeba vyombo kila siku, tungelitanguliza hili.

Linataka macho kuhusu malighafi. Bati la kuezekea au bamba lolote lililopakwa zinki, lile la kijivu lenye mng'ao wa madoa kama barafu, halifai: zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Pipa lililokatwa huna hakika lilibeba nini. Sema wazi kwamba unataka bamba jeusi jipya lisilopakwa rangi, na upimaji wa unene ufanyike mbele yako. Chini ya milimita 2 litapinda wiki ya kwanza: katikati hunyanyuka, mafuta yanatiririka pembeni, chapati inaiva kwa duara la nje tu.

La tatu: kikaango kizito chenye kingo

Ni chuma kile kile cha kusubu, lakini kingo za sentimita 4 au 5 huzuia mwiko usiingie chini ya chapati kwa ulalo. Hufaa zaidi kwa samaki, mayai na maandazi machache. Aliye Marekani au Kanada atakipata kirahisi kuliko tawa. Vikaango vya Lodge, kampuni ya Tennessee iliyoanza 1896, vinauzwa vikiwa vimeshakomazwa kiwandani. Utando huo wa kiwandani ni mwanzo tu. Chapati tatu za kwanza bado zinaweza kushika.

La nne: alumini nene

Husambaza joto vizuri mno na bei yake ni nyepesi. Lakini hukwaruzika, na mafuta hayajengi utando wa kudumu juu yake kama yanavyofanya kwenye chuma. Epuka kabisa iliyosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu: vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika vimekuta risasi kwenye vyombo vya namna hiyo.

La mwisho: nonstiki

Ni zuri kwa mayai juu ya moto mdogo. Utando wake huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi, na tawa tupu juu ya gesi kali hufika huko ndani ya dakika chache. Juu ya mkaa, ambao hauna kitufe cha kupunguzia, unabahatisha. Mwiko wa chuma ukipita juu yake mara kadhaa, tawa limekwisha.

Kulikomaza

Kukomaza ni kuyageuza mafuta, kwa joto na hewa, yawe ngozi ngumu iliyoshikana na chuma. Si kupaka mafuta yakabaki mafuta.

Anza kwa kuosha. Tawa jipya huja na grisi au nta ya kuzuia kutu isiyoliwa. Tumia maji ya moto, sabuni na stilwaya, rudia hadi kitambaa cheupe kitoke bila weusi wa grisi. La fundi lisugue na kwa msasa kwenye kingo na mahali palipochomelewa. Suuza, kisha weka motoni mara moja hadi unyevu wote uishe. Kutu huanza ndani ya dakika chache, hasa mwambao.

Mafuta gani? Ya alizeti yaliyosafishwa, soya au mahindi. Haya hukauka yakawa ngozi. Ya nazi hayakauki vizuri hata uyachome vipi; yabaki kwenye wali. Ya mawese yako katikati, yanakubali lakini yanachelewa. Alizeti ya kukamua ya Singida au Dodoma inafaa, ila iache itulie na uchukue ya juu, kwa sababu mashapo yakiungua huacha vidonda vya kunata. Mafuta ya mbegu za kitani, yanayosifiwa sana mitandaoni, hutoa uso mzuri unaong'aa ambao baada ya muda hubanduka vipande vipande. Hatuyapendekezi.

Tawa likiwa la moto kiasi cha kushikika kwa kitambaa, weka nusu kijiko cha chai cha mafuta. Hicho kinatosha pande zote mbili na mpini. Pangusa kote, kisha chukua kitambaa kingine kikavu upanguse kana kwamba mafuta yaliwekwa kwa bahati mbaya na unataka kuyaondoa yote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaona tawa kavu, wanaongeza mafuta, na matokeo yake ni gundi.

Mwenye ovena aliweke kifudifudi kwa nyuzi 230 hadi 250, saa moja, kisha azime na kuliacha lipoe humo humo. Kwenye mkaa, ngoja makaa yaive yawe mekundu yenye majivu bila mwali, lifudikize juu yake dakika 20 hadi 30, ukilizungusha robo kila dakika tano. Kwenye gesi tumia moto wa kati na usogeze tawa ili kingo nazo zipate zamu yake. Moshi ukianza na ukakoma, mahali hapo pameiva. Fungua madirisha. Mpini wa mbao uvue kwanza.

Rudia mara tatu au nne. Rangi hutoka kijivu, ikawa shaba, kisha kahawia, kisha nyeusi. Madoadoa hayana shida. Likinata ukiligusa likiwa limepoa, mafuta yalizidi au moto ulipungua: lirudishe motoni saa nyingine bila kuongeza chochote. Kama bado linanata, sugua safu hiyo na uanze tena. Likibanduka magamba, safu zilikuwa nene.

Chapati za mwanzo ziwe za mafuta, si kavu. Vibibi na mkate wa maji wenye sukari viahirishe wiki mbili tatu, kwa sababu sukari ikiungua hushika na ukiibandua inang'oka na utando wako. Nyanya, ndimu na ukwaju navyo havikai humu. Asidi hula utando na mchuzi unapata ladha ya chuma. Kuvikaanga humo haraka mara moja si mwisho wa dunia, ila kuchemshia mchuzi nusu saa ni kuanza upya.

Siku kwa siku

Tawa liko tayari kupika pale tone la maji linapojiviringisha na kurukaruka badala ya kutulia likachemka. Dakika tano hadi nane za moto mdogo hutosha. Kati ya chapati na chapati pangusa unga uliodondoka, kwani ndio unaotoa zile nukta nyeusi chungu na moshi unaowasha macho.

Baada ya kupika, lisugue likiwa vuguvugu. Mabaki mepesi hutoka kwa kitambaa. Yaliyoshika yatoe kwa kijiko kimoja cha chumvi ya mawe na tone la mafuta, ukizungusha kwa kitambaa. Sabuni ya kawaida ya vyombo haidhuru utando ulioiva. Onyo la zamani la kutotumia sabuni lilihusu sabuni zenye magadi makali, na hizo kweli huuvua. Kinacholiua tawa ni kulilaza kwenye beseni la maji usiku kucha. Likaushe motoni dakika mbili, pangusa kwa matone mawili matatu ya mafuta, litundike. Ukiliweka kabatini na vyombo vingine, tenga kwa karatasi, na usilifunike likiwa na joto: jasho lake ni kutu ya kesho asubuhi. Kama halitatumika mwezi mzima, lifute mafuta ya ziada kabisa, vinginevyo yatachacha na chapati ya kwanza itanuka.

Kutu ikishaingia, changanya siki na maji sawa kwa sawa, loweka nusu saa, sugua kwa stilwaya, tazama. Ikibaki rudia, lakini usiache zaidi ya saa moja kwa mara moja, maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Suuza kwa maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia ili kuua asidi, kausha motoni hapo hapo, halafu paka ile nusu ya kijiko cha chai na urudie safu tatu.