Mafuta ya karafuu ya Darajani: jino lilitulia ila fizi nimeunguza

Jamani nimenunua hiki kichupa cha mafuta ya karafuu pale Darajani, Unguja, elfu tano, cha glasi nyeusi kama kidole gumba hivi, maana jino la nyuma lilikua linanipelekesha usiku kucha. Kwanza nilipima, nikadondosha tone kwenye glasi ya maji likazama mpaka chini, mafuta ya karafuu halisi ni mazito kuliko maji, yakielea basi ushachanganyiwa vitu. Hapo poa, nyota nne.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya muuzaji, kaniambia paka tu hivyo hivyo, nami na maumivu yale nikaloweka pamba nikaibana, dakika mbili jino ganzi kweli lakini fizi ikatoka weupe na kuchubuka siku tatu chai siinywi! Kumbe inayotia ganzi ni kemikali inaitwa yujenoli (eugenol), ndio sehemu kubwa ya hayo mafuta, na ikiwa kali hivyo inaunguza. Siku hizi tone moja naliyeyusha kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, napaka kidogo kwa pamba.

Alisema pia mtoto anywe matone kwa tumbo, hapo mie sikubali kabisa, mtoto akimeza hata kidogo ini linaweza kuharibika. Na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda msiyanywe. Kichupa hakina lebo hata moja, mfuniko nao mtoto anafungua.

Jino lenyewe Jumatatu nalipeleka likang'olewe.