Msaada wa kisheria Kirumba: je, mjumbe wa BMU ni mtumishi wa umma?

Mjumbe wa BMU (kikundi cha jamii ya wavuvi cha kusimamia uvuvi mwaloni) aliyechaguliwa na wavuvi wenzake, asiye na mshahara wala kitambulisho cha serikali, akipokea fedha ili kokoro, wavu uliopigwa marufuku, lipite, atawajibika kama mwenye madaraka au kama mvuvi tu? Swali hilo, ambalo limezua ubishi mwingi kwenye mialo yetu ya Ilemela, Mwanza, nililipeleka kwenye kituo kidogo cha msaada wa kisheria upande wa Kirumba, ambako huduma ni bure, na nimeridhika kuliko nilivyotarajia.

Mwanasheria hakukimbilia kujibu. Aliuliza kwanza tunazungumzia sheria ipi, kwa kuwa mtu yuleyule anaweza kuwa ndani ya sheria moja na nje ya nyingine. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, haimweki mbunge, jaji, askari polisi wala kibarua wa kutwa katika utumishi inaousimamia. Kisha akafungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nakala iliyochakaa na kujaa vipande vya karatasi alivyochomeka kama alama, akaweka kidole kwenye kifungu kinachotafsiri nani ameajiriwa katika utumishi wa umma: humo wamo walioshika nafasi kwa kuchaguliwa kwa mujibu wa sheria, polisi, waajiriwa wa serikali za mitaa, na hata kiongozi wa dini pale anapofungisha ndoa au kutunza daftari la ubatizo na mazishi, ila si katika shughuli zake nyingine. (Mchungaji mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi alisogea karibu kusikiliza.) Hao ndio wanaoguswa na kifungu cha 96 cha matumizi mabaya ya madaraka, ambacho mwaka 2015 kiliwatia hatiani mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona.

Kuhusu sisi wa BMU, alihamia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kifungu cha 31 hakiulizi nani anakulipa. Kinamgusa mtu yeyote anayetumia vibaya nafasi yake kwa makusudi, kinyume cha sheria, ili ajipatie au ampatie mwingine manufaa yasiyostahili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa kuwa vikundi vyetu vinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, kusema kwamba tunajitolea si kinga. Aliongeza kwamba huko Uingereza nako, mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilimhesabu mjumbe wa kujitolea wa bodi ya uangalizi wa gereza kuwa afisa wa umma, ingawa hakuwa akilipwa mshahara.

Kasoro zipo. Kipeperushi wanachogawa mlangoni kinasema mtumishi wa umma ni mwajiriwa wa serikali, basi, maneno ambayo mwanasheria wao mwenyewe aliyabomoa mbele yangu. Kingeondolewa leo kabla hakijampotosha mtu. Kubwa zaidi, chumba ni kimoja, na anayekuja kuuliza namna ya kumripoti mtendaji wake TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, anasikika hadi kwenye benchi.

Hata hivyo, ningemshauri kila mjumbe wa kamati aende, tena asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, akiwa na muhtasari wa mkutano uliomchagua, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoulizwa.