Sanamu ya Genghis Khan, Tsonjin Boldog: nenda, ila chukua mwongozaji anayejua historia

Ukifika Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, hutakosa wa kukuuzia safari ya Tsonjin Boldog, kilomita 54 mashariki ya mji. Nililipia gari na mwongozaji, na hela ya mwongozaji ndiyo iliyonirudia yote.

Sanamu yenyewe haina ubishi. Mita 40 za chuma kisichoshika kutu, Khan juu ya farasi, mjeledi wa dhahabu mkononi, uso ukitazama mashariki alikozaliwa. Ilikamilika 2008. Unapanda lifti, kisha ngazi nyembamba zinakutoa juu ya kichwa cha farasi. Geuka nyuma: lile juso la chuma la Khan linakukodolea macho, na upepo unakupiga kisawasawa. Vaa koti zito hata kama chini kuna jua.

Nyota nimeipunguza kwenye makumbusho yaliyo chini ya sanamu. Vitu ni vizuri, maelezo haba. Hutajua Temujin (ndilo jina la Khan la utotoni), mtoto ambaye baba yake alitiliwa sumu na ukoo ukamtelekeza na mama yake Hoelun, aliwezaje kutawazwa mwaka 1206 kuwa mkuu wa makabila yote ya nyikani. Haya nilielezwa na mwongozaji. Temujin aliwapanga askari kwa makumi, mamia, maelfu na makumi elfu, akachanganya koo ili mtu asimtii tena mzee wa ukoo wake, na vyeo akavitoa kwa uwezo. Mfano ni Jebe, aliyekuwa upande wa adui. Inasimuliwa alikiri waziwazi kuwa ndiye aliyerusha mshale upande wa Temujin vitani, na bado akafanywa kamanda.

Nikamuuliza kuhusu Merv na Nishapur, miji ambayo watu wake walichinjwa na majeshi ya Khan 1221. Hakuzunguka, alijibu. Kuta za makumbusho, kwa nilivyoziona, zimenyamaza. Kwa Mwislamu aliyekua akisikia habari za Baghdad, iliyoangushwa 1258 na Hulagu, mjukuu wa Khan, inakera. Ila naelewa inakotoka: wakati wa ukomunisti kumsifu Genghis kulikuwa hatari. Mwaka 1962 mkubwa wa chama, Tömör-Ochir, alivuliwa cheo, kosa mojawapo likiwa kuunga mkono sherehe za miaka 800 ya kuzaliwa kwa Genghis. Waliozibwa mdomo hivyo, wakipata nafasi watajenga hadi mawinguni.

Nje kuna watu wenye ndege aina ya tai, ndege hao wamefungwa kamba miguuni, unalipia upige nao picha. Mimi nilipita.

Nyota nne kati ya tano. Unganisha na hifadhi ya Gorkhi-Terelj, ziko upande mmoja, usilipe gari mara mbili.