Kadi za picha za "a" fupi ya Kiingereza, uzoefu wangu

Nimezitumia hizi kadi mda wa kutosha, sasa naona naweza kusema kitu, hasa kwa wenye watoto wadogo ambao nyumbani wanaongea Kiswahili. Boksi lina mafungu matano, kila irabu fungu lake, na kila kadi ina alama ya kuskani kwa simu usikie neno linavyotamkwa. Mi nitaongelea zaidi fungu la a fupi, ile ya kwenye cat, maana ndo kwenye kazi.

Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake basi, sasa mtoto akikutana na Kiingereza, herufi ni zilezile tano ila sauti za irabu zinafika kama ishirini, anachofanya ni kuzisukumia zote kwenye zile tano alizozizoea. Cat na cut kwake ni kitu kimoja. Na ukimwambia "sema vizuri" hakuelewi, maana sikio lake halijagundua kama kuna tofauti yoyote.

Kwa hiyo fungu la a peke yake kiukweli halifundishi sana. Kadi karibu zote ni a fupi, apple, ant, bag, map, mtoto akishajua jibu ni lilelile anakujibu a, a, a bila hata kusikiliza, na wewe unafurahi ameelewa kumbe wapi. Kilichonifurahisha mimi ni kadi za jozi, ambazo wameziweka chini kabisa ya boksi kama nyongeza (sijui kwa nini wamezificha huko): cap na cup, bag na bug, hat na hut, cat na cut. Unaweka mbili mezani, unataja moja, yeye anaonyesha kwa kidole. Hapo kubahatisha hakumfikishi mbali, lazima asikilize. Upande wa nyuma una maneno, usiuguse kwanza, baki kwenye picha tu mpaka sikio lishike.

Kuna na karatasi yenye mchoro wa mdomo. Ishike hiyo. Mtoto aanze kama anasema e ya kwetu afu ashushe taya, midomo imetanuka kidogo, mbele ya kioo ni rahisi zaidi. Wangu alianza kulia kama mbuzi akijua ananitania, na yaani ile mee ya mbuzi ndo ilikuwa sauti yenyewe!

Sauti za kwenye simu ni nzuri, msomaji anakata konsonanti fupi, hasemi "ka-a-ta". Nalisema hili kwa sababu sisi tunapenda kuongeza irabu mwishoni mwa kila kitu, mtoto akija kuunganisha sauti anapata "kata" badala ya cat.

Sasa malalamiko. Car na ball zimo kwenye fungu la a fupi, jamani? Herufi a ipo sawa lakini sauti siyo hiyo kabisa, nimezitoa nikatupa. Fan na ham nazo, msomaji ana lafudhi ya Kimarekani na a ikiwa mbele ya n au m inapanda inakuwa kama "ea", ziache za mwishomwisho, anza na zinazoishia na t na p. Alafu picha ya van kila mtoto anasema gari, ya ham anasema nyama, inabidi umtajie majina ya picha kabla hamjaanza.

Mafungu mengine sina mengi, ila e na i wamezipanga zifuatane na hizo zinakaribiana mno, pen na pin zitamchanganya, mi naruka naenda o kwanza. Na ship na sheep hazimo kwenye jozi, wakati hiyo ndo wetu wanaihitaji kuliko hata igloo (nyumba ya theluji) waliyoweka.

Kama hizo jozi zinauzwa peke yake chukua hizo uachane na boksi zima, na kama haziuzwi, kofia na kikombe hata mwenyewe unaweza kuchora.