Duka la mama wa oili pale Kabwe, Mbeya: nyota 4 (mliotoka kufunga injini someni)

Jamani hii ni kwa mliofanya ovahoo (kufumua injini na kuifunga upya) hivi karibuni au mnaosubiri bloku litoke kuchongwa. Kuna duka dogo la oili pale Kabwe, muuzaji ni mama mtu mzima, na huyo mama ndo kaniokoa nisirudie ujinga wangu wa mwaka juzi.

Mwaka juzi nilifunga injini ya Hiace yangu, ile aina inayoitwa 5L, ya dizeli, pistoni mpya ringi mpya beringi mpya, af nikaingia duka lingine silitaji nikauziwa ful sinthetiki 5W-30 (hizo namba ni uzito wa oili, hii ni nyepesi) kwa bei ya kutoa jasho, jamaa ananiambia bosi injini mpya inataka oili ya kisasa, nami nikajiona mjanja. Miezi minne gari linakunywa oili, nikipanda kutoka Uyole kwenda Isyonje nyuma moshi wa bluu mtupu. Fundi kufungua anakuta silinda zinang'aa kama kioo, ringi hazijakaa. Sio oili peke yake lakini, nisiwe mnafiki, siku mbili za mwanzo nililiacha linaunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, uani eti nalizoesha taratibu, kumbe hapo ndo nilikuwa naliua.

Safari hii nimefika kwa mama, shikamoo, marahaba mwanangu, nikaonyesha kidole galoni la sinthetiki. Hakulishusha. Akauliza kwanza, bloku limechongwa au umebadili ringi tu? Dizeli? Limeshawashwa? Nikajibu. Akasema, "Hiyo utakuja kuinunua baadaye ukitaka. Sasa hivi ringi zinatakiwa zisuguane na silinda mpaka zikubaliane, ukizipaka utelezi wote huo zitasuguana saa ngapi?"

Akanipa 15W-40 minero, ile ya kawaida kabisa isiyo sinthetiki, galoni la lita 5 na kopo la lita moja, bei haifiki hata nusu ya ile nyingine. Duka gani linakataa hela yako siku hizi?? Akageuza galoni nyuma akanionyesha herufi za daraja la oili, CI-4, hiyo C ya mwanzo ni ya dizeli, ukikuta S ni ya petroli. Hizi za dizeli huwa na dawa ya zinki na fosforasi kwa wingi kidogo, ndo inayolinda kemshafti na tapeti (zile zinazofungua valvu) zikiwa bado hazijazoeana, wakati oili nyingi nyepesi za petroli za sasa fosforasi imepunguzwa isiharibu katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi. Kuna watakaosema mbona magari mapya yanatoka kiwandani na sinthetiki, sawa, ila silinda ya kiwandani imelainishwa kwa mashine za kule, yetu imepigwa honi (imesuguliwa kwa mawe) karakana ina mistari mikali iliyopishana, na hiyo mistari ndo inayokalisha ringi.

Fundi akachomoa waya wa solenoidi ya pampu, ile inayofungulia dizeli, injini isiwake, akapiga stata mpaka taa ya oili ikazima, akarudisha waya, ikawaka, tukaishikilia resi kama 2,000 kwa dakika 20 hivi, hakuna sailensa. Ikapoa tukamwaga yote. Hapo sasa mngeona, kwenye beseni oili inameremeta kama mtu kamwagia unga wa fedha, na fundi alipokata filta kwa msumeno akakunjua karatasi yake juani kulikuwa na vichembe vidogo vidogo, akapitisha sumaku vingine vikadaka. Mama alishaniambia nisishtuke, cha kushtuka ni vipande vya rangi ya shaba maana hiyo ni beringi inaondoka.

Tukaweka nyingine ileile na filta mpya nikaanza ruti za Tukuyu, bila mzigo wa viazi, kupanda kushuka, kubadili gia, injini inakazwa inaachiwa. Mama alinikataza nisikimbilie tambarare ya Chimala hadi Igawa na spidi moja muda wote. Kilometa 500 nikamwaga tena, safari hii nyeusi ya kawaida, mmeremeto hakuna. Leo nina kilometa 3,000 na kitu, oili kwenye dipstiki inashuka kidogo mno, mpaka uitafute kwa macho, moshi hakuna, na bado natumia minero sijaona sababu ya kuhama.

Nyota moja nimeikata kwa sababu filta hauzi, unatumwa Mwanjelwa kutafuta mwenyewe na huko ukizubaa unapewa feki. Na chenji, mama ana shida ya chenji kuliko konda. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mama lakini. Jumamosi hafungui, msije mkafunga safari bure.